Maziwa ya Kwenda Atiu

Kila asubuhi, chai ya wafanyakazi ikishawekwa mezani na wenzake wakianza kugombea mikate, Akaiti aliingia chumba cha mashuka, akafunga mlango kwa ndani, akakaa juu ya furushi la taulo na kutoa vitu viwili kwenye mkoba wake. Cha kwanza kilikuwa pampu ya kukamulia maziwa. Cha pili kilikuwa fulana ya mtoto, chafu, iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili harufu isitoke.

Pampu peke yake haikufua dafu. Ilikuwa ya mtumba, wifi yake wa Auckland ndiye aliyeileta, na kabla ya kufika kwake ilikuwa imeshawatumikia wanawake wengine na kuchoka nao. Ilikoroma, ikavuta, ikaachia, ikavuta tena, na chupa ikabaki na ukungu tu. Ndipo Akaiti alipoufungua mfuko, akaibana fulana puani na kufumba macho. Shingoni mwa ile fulana mlikuwa na maziwa yaliyochacha, mafuta ya nazi, na moshi kidogo wa jiko la mama yake. Kifua kikamwasha, kikakaza, halafu maziwa yakashuka yenyewe, na chupa ikaanza kujaa huku machozi nayo yakitafuta njia yao.

Basi kama una haraka ya kujua habari hii inahusu nini, inahusu hicho tu: mwanamke aliyekuwa kisiwa cha Rarotonga, mtoto aliyekuwa kisiwa cha Atiu, na maji ya katikati ambayo ndege huyavuka kabla hujamaliza soda yako.

"We ng'ombe wa New Zealand!" Vaine aligonga mlango. Huyu alikuwa mwenzake wa zamu hapo kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mwanamke mnene mwenye ua sikioni na mdomo usio na breki. "Hujamaliza tu? Mashuka ya wageni hayajikunji."

"Nakuja."

"Nakuja, nakuja. Ukija, njoo na kikombe kimoja, kahawa yangu haina maziwa."

"Vaine, una laana wewe."

"Ninayo, na ina sukari mbili."

Mtoto aliitwa Tearoa Iti, yaani Tearoa Mdogo, kwa sababu Tearoa mkubwa alikuwa baba yake Akaiti, na alikufa Akaiti akiwa karibu kujifungua. Walimzika huko Atiu, mbele ya nyumba yake, karibu na kizingiti, kama tunavyowazika watu wetu. Jioni ile watu walikula nguruwe aliyeokwa ardhini, wakaimba, wakafuta machozi, wakala tena. Mama yake Akaiti, Mama Ngapoko, hakugusa kitu. Alikaa analitazama kaburi jipya, na ndugu wote wakawa wanalitazama tumbo la Akaiti. Hakuna aliyesema neno, na kwetu hiyo ndiyo namna ya kusema.

"Mama," Akaiti akasema, "huyu akizaliwa ni wako."

Aliyasema kwa mdomo wake, mbele ya watu, bila kusukumwa. Lakini aliyasema akiwa hajamwona mtoto, na kumtoa mtu usiyemjua sura ni kazi nyepesi sana.

Kwetu mtoto wa kulishwa si yatima, wala si mtoto aliyetupwa. Anapelekwa penye pengo. Anayemlisha ndiye mama yake, na yule aliyemzaa anabaki kama dada mkubwa wa kuleta zawadi. Ukishatoa, huombi. Anayeweza kumrudisha ni aliyepewa, kwa kupenda kwake, na akisema aseme watu wasikie. Akaiti mwenyewe alikuwa mtoto wa kulishwa, alilelewa na bibi yake mpaka bibi alipofariki, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumfafanulia mambo hayo.

Mama Ngapoko alikuja kumchukua mjukuu wake alipokuwa ameshaanza kucheka. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo walipokosea. Wangemchukua kabla hajajua kucheka. Akaiti alisimama nje ya uwanja wa ndege, blauzi imelowa mbele, akilipungia mkono dirisha ambalo hakuwa na hakika kama ndilo. Mume wake, Pokino, ni mtu mwema, ila akili yake yote iko kwenye barabara anazozitia lami. Alimshika bega akamwambia, "Tutazaa mwingine." Akaiti hakumsemesha mpaka Jumapili.

Wanawake wa mtaa walimjia na dawa za kuyakausha maziwa. Weka majani ya kabichi. Jifunge kitambaa kifuani, ukaze. Vumilia, yatakwisha. Akaiti aliwaitikia wote, halafu akapanda pikipiki yake akaenda kliniki kwa nesi Mama Nooroa.

"Nataka yasikauke," akamwambia.

Mama Nooroa alimtazama juu ya miwani. Alijua mtoto yuko wapi, kisiwa kizima kilijua. Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akamkandia. "Pampu ni mashine, ikiharibika utalia," akasema. "Mkono wako hauharibiki. Dole gumba juu, vidole vingine chini, mbali kidogo na chuchu. Sasa sukuma nyuma, kifuani. Nyuma, nimesema, si mbele! Halafu bana, halafu achia. Usiivute ngozi, humchuni mtu. Na mfikirie yeye. Ukifikiria deni la pikipiki hayatoki."

Ikawa hivyo. Asubuhi pampu, mchana pampu, alfajiri mkono, kwa kuwa pampu ilikuwa inamwamsha Pokino. Maziwa aliyatia kwenye mifuko midogo, akaifunga kwa uzi mwekundu wanaotumia kutilia alama nguo za wageni, akaigandisha. Kila Ijumaa aliipanga ndani ya deli la buluu, sanduku la barafu la kubebea samaki, akaifunika kwa pareu, ile nguo yake ya kujifunga aliyokuwa ameilalia, akalifunga deli kwa utepe wa gundi na kulipeleka kwenye ndege ya Atiu.

"Leo samaki gani?" mzee wa mizigo alimuuliza kila mara.

"Samaki wa kunyonya."

"Ana miiba?"

"Hana. Ukimwangusha, mwenye miiba ni mimi."

Jumatatu deli lilirudi, na kwetu deli halirudi tupu. Lilirudi na magimbi ya Atiu, na majani yake ya kupikia, pengine samaki mkunga wa kuchoma, pengine kahawa ya shambani kwa Mama. Na chini ya yote, kwenye mfuko wake, fulana moja ambayo Tearoa Iti alikuwa ameivaa, haijafuliwa. Akaiti aliyaona yale magimbi kama jibu. Maziwa yamefika, maziwa yamenywewa, haya ndiyo majibu yake. Hakuwahi kuwaza vinginevyo.

"Anakunywa, Mama?" aliuliza kwenye simu.

"Anashiba," Mama Ngapoko alijibu. "Mapaja yamejaa mpaka suruali hazipandi."

Akaiti aliikata simu, akashinda ameridhika siku nzima. Mkono unaomshika ni wa Mama, alijiambia, lakini kinachoingia tumboni ni changu. Aliyashikilia maneno hayo. Alipokunja mashuka aliyasema kimoyomoyo, na alipoamka kitandani, titi limekuwa gumu na zito na hakuna wa kulinyonya, aliyasema tena. Alimtamani yule mtoto mpaka mikononi. Wakati mwingine alijikuta amebeba taulo zenye joto kutoka kwenye mashine ya kukaushia, amezilaza begani, anazipigapiga mgongo.

Halafu pampu ikafa. Ilikoroma mara moja, ikanyamaza. Pokino aliifungua kwa bisibisi, akaitazama kama anavyotazama daraja bovu, akaifunga tena ikiwa na skrubu moja pungufu. Akaiti akarudi kwenye mkono wake, asubuhi, mchana na alfajiri, lakini maziwa yalikuwa yanapungua. Mfuko uliokuwa ukijaa kwa mara moja sasa uliomba mara mbili, kisha tatu. Alinusa fulana mpaka ikaisha harufu.

Wiki hiyohiyo, akiwa kwenye simu na mama yake, alisikia sauti ndogo nyuma: "Mamamama."

"Unamsikia?" Mama Ngapoko alicheka kwa furaha kabisa. "Ananiita!"

Akaiti alicheka pia, kwa adabu. Kesho yake alikwenda kununua tiketi. Kwenda alikata ya mtu mmoja. Kurudi alikata ya mtu mmoja na mtoto wa mapajani.

Vaine alipoambiwa aliacha pasi juu ya foronya mpaka ikatoa moshi. "Kumwomba mtoto wa kulishwa? Akaiti! Utapita wapi kanisani na uso huo?"

"Siombi. Nitamkumbusha tu. Nani kamlisha? Mimi. Miezi yote hii ni mimi."

"Kwa ndege."

"Kwa ndege, kwa meli, kwa punda, kulisha ni kulisha."

Vaine aliiondoa foronya iliyoungua, akaikunja, akaificha chini kabisa ya zile safi. "Haya, shoga yangu," akasema taratibu. "Hiyo ni hoja. Ishike vizuri, maana huna nyingine."

*

Mama Ngapoko alikuwa uwanjani Atiu na kofia yake ya ukili, mtoto kiunoni, shada la maua mkononi. Alimvika Akaiti shada, akambusu, akamsogezea mtoto. Tearoa Iti alikuwa na meno mawili na nywele zilizosimama. Aliyagusa maua kwa kidole. Alimtazama mwenye maua. Kisha akageuka taratibu na kuuficha uso wake shingoni kwa Mama Ngapoko.

Angelia ingekuwa afadhali. Kilio kina makelele, watu wanacheka, wanasema mtoto ana usingizi. Lakini aligeuka kwa upole tu, kama mtu aliyesalimiwa na mgeni akakosa la kumjibu. Na titi la Akaiti, ambalo halina adabu wala halijui aibu, lilimwaga maziwa palepale mbele ya watu wa mizigo.

"Ana haya," Mama Ngapoko alisema. "Mpe muda."

Nyumbani walimsalimu Papa, baba yake Akaiti, kwenye kaburi lake, Akaiti akaliwekea lile shada, wakaingia. Deli la buluu lilikuwa miguuni pake, na ndani mifuko michache aliyoipata kwa kuhangaika.

"Lete, nitaiweka mimi," Mama Ngapoko akasema, na aliyasema haraka mno.

"Kaa, Mama, umembeba mtoto. Friza naijua ilipo."

"Nimesema acha, Akaiti."

Lakini alikuwa ameshafika kwenye kibanda cha jiko na kuinua mfuniko. Juu kulikuwa na mbavu za kondoo na samaki, akiba ya sherehe kama ilivyo friza ya kila nyumba yetu. Alisogeza mbavu apate nafasi. Chini yake akauona uzi mwekundu. Akasogeza samaki, akaona mwingine, na mwingine. Ilikuwa mifuko yake. Ilipangwa vizuri, tabaka juu ya tabaka mpaka chini kabisa, imeganda, haijafunguliwa. Vidole vilimfia ganzi kwa barafu na hakuvitoa.

"Mama. Hii ni nini?"

Mama Ngapoko alikuwa mlangoni, mtoto kiunoni. "Friza," akasema.

"Mama!"

"Unajua ni nini. Mbona unaniuliza kitu unachokijua?"

"Anakula nini mtoto wangu?"

Neno hilo, wangu, liliwatoa wote wawili pumzi. Hakulikusudia, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Anakula maziwa ya kopo," Mama Ngapoko akasema. "Na uji wa wanga wa maranta, na ndizi. Anashiba. Sikukudanganya, nilisema anashiba."

Akaiti aliketi sakafuni na mgongo wake kwenye friza. Alikuja na hoja moja tu, na hoja yenyewe ilikuwa imeganda chini ya mbavu za kondoo. Hakuwa amemlisha. Miezi yote alikuwa ameilisha friza. Alilia kwa hasira, kwa sauti, kamasi zikimtoka, na Tearoa Iti akamkodolea macho kwa hamu kubwa, kwa kuwa hakuwahi kuona mtu mzima akifanya kazi yake.

"Nilijiumiza," Akaiti alisema. "Unajua nilivyojiumiza? Naamka alfajiri na mkono umekufa. Wenzangu wananiita ng'ombe. Kwa nini hukumpa?"

"Nilimpa." Mama Ngapoko alimkalisha mtoto kwenye mkeka, naye akaketi kwa shida, magoti yakilia. "Mifuko ya kwanza nilimpa yote. Sikiliza basi. Ya kopo alikuwa anakunywa, anacheua, analala. Yako alikuwa anakunywa, halafu anaacha. Anaacha chupa, anageuza shingo, anatazama mlango. Ananyonya kidogo, anatazama mlango. Kila siku. Mimi nimekaa hapa nimemshika, na yeye anatazama mlango."

Akaiti alijifuta kamasi kwa mkono.

"Nikajiambia namwonea huruma mtoto, nisimtese. Ndivyo nilivyojiambia." Mama Ngapoko alilivuta gauni lake likafunika miguu. "Uongo. Niliona wivu. Nyumba nzima ilikuwa na mimi na yeye na Papa kaburini huko nje, na yeye alikuwa anamtaka mtu mwingine. Nikayaweka kwenye barafu."

"Ungeniambia, nikaacha."

"Ndiyo maana sikukuambia! Ungeacha. Ukiacha yanakwisha. Mimi yangu yalikwisha."

Hapo Akaiti aliinua uso. Mama yake hakuwahi hata siku moja kuzungumzia habari hiyo.

"Nilipokutoa kumpa bibi yako," Mama Ngapoko alisema, "hakukuwa na pampu wala nesi. Nilikuwa natoka nyuma ya jiko, pale kwenye mshelisheli, nakamua chini. Kwa mikono miwili, vibaya, mpaka nikajichubua. Kila siku nyuma ya mti, bibi yako asinione. Wewe uko ndani unapewa chupa na mimi niko nje nainywesha mizizi. Mpaka leo sili shelisheli la mti ule, utadhani nina wazimu. Halafu yakakauka. Na wewe ukakua ukawa unaniita Ngapoko. Unakumbuka? Unapita uani, 'Ngapoko, bibi anaomba chumvi.'"

Akaiti alikumbuka. Alikumbuka mpaka chumvi yenyewe.

"Sasa mifuko yako ilipokuja, ningeimwaga wapi? Nyuma ya mti tena?" Mama Ngapoko alitikisa kichwa. "Sikuweza kumpa na sikuweza kumwaga. Nikaipanga."

Walikaa hapo wote wawili na friza ikinguruma. Akaiti hakusema alichokuja kusema. Kwanza hoja haikuwepo. Pili, alikuwa ameiona nyumba: kitanda cha Papa kilichotandikwa bado, kikombe chake msumarini, na katikati ya vyote hivyo mkeka wenye mtoto. Aliipeleka mifuko yake michache chini kabisa, pamoja na ile mingine, akafunika.

*

Jumapili walitoka kanisani wakala, na Akaiti alikuwa na homa ya matiti. Yalikuwa yamejaa tangu uwanja wa ndege, yamekuwa mawe, na pampu iko Rarotonga bila skrubu. Alichukua kikombe cha bati, akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akafungua gauni lake jeupe la ibada na kuanza. Dole gumba juu, vidole chini. Nyuma, bana, achia. Hayakutoka. Alikuwa amebakiwa na usiku mmoja, na akili yake yote ilikuwa kwenye ndege ya Jumatatu na tiketi ya mapajani ambayo hakuwa na haki ya kuitumia.

Mama Ngapoko alimwona. Aliingia ndani, akatoka na bakuli la maji ya moto na kitambaa, kofia ya kanisani bado iko kichwani, akakaa ngazi ya juu yake. Alimkandia huku na huku, kwa mkono mzito wa mtu aliyezoea kumenya magimbi.

"Nani alikufundisha hivyo, kusukuma nyuma?" akauliza baadaye.

"Nesi."

"Mimi nilikuwa navuta mbele."

"Ndiyo maana ulichubuka."

"Ehe. Hakuna aliyeniambia."

Matone ya kwanza yalianguka kikombeni na kulia kwenye bati. Ndani, kwenye mkeka, Tearoa Iti aliusikia mlio huo. Alikuja anatambaa, anakokota kitambaa mkononi, na kitambaa kile kilikuwa pareu ya Akaiti, ya kijani yenye maua, imechakaa pembe moja kwa kutafunwa.

"Hiyo nilikuwa nafunikia mifuko," Akaiti alisema.

"Halali bila hiyo. Nilipoifua alilia siku nzima, sikuifua tena."

Mtoto alifika kizingitini. Alitazama kikombe. Aliingiza mkono mzima ndani, akamwaga kilichokuwamo, akaulamba mkono wake na kukunja uso kama hakimu. Akaiti alimpakata polepole, akingoja ageuke. Hakugeuka. Aliliona titi, akaliinamia, akalifungulia kinywa, na akalitia meno yake yote mawili.

"Mama wee!"

Mama Ngapoko alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Kasahau! Anafikiri ni ndizi!"

Akaiti naye alicheka na kulia kwa pamoja. Alimtoa, akaweka kidole chini ya kidevu chake kidogo, na kwa mkono mwingine akafanya kama alivyofundishwa. Nyuma, bana. Tone likamwangukia mdomoni. Akalionja. Bana, tone jingine. Mtoto aliacha mdomo wazi, akingoja. Sasa yalikuja yenyewe, kwa nguvu, bila fulana na bila mashine, na yeye akasogea taratibu mpaka chanzo chake, akakikamata, safari hii kwa midomo, na kuanza kunyonya. Mkono wake ulishika pembe ya pareu. Alinyonya, akapumua kwa pua, akanyonya. Macho yake yalikuwa usoni kwa Akaiti, yakawa mazito, yakafumba.

Hakuutazama mlango hata mara moja.

Akaiti alilijua hilo kwa kuwa alikuwa analingoja, na alipoinua kichwa aliona kwamba mama yake alikuwa akilingoja vilevile. Mama Ngapoko aliokota kofia yake, akaivaa sawasawa, akashuka ngazi. Alizunguka nyumba akaenda kukaa juu ya kaburi la mumewe, amewapa mgongo, akang'oa magugu ambayo hayakuwepo. Akaiti alisikia anaongea, lakini Papa ndiye aliyekuwa akiambiwa, si yeye.

Jumatatu Akaiti alifunga begi lake dogo na kumbusu mtoto akiwa usingizini kwenye mkeka. Alikuwa ameamua kuondoka hivyo, asije akaharibu kitu. Alipotoka nje, alikuta lori la jirani limeshawashwa, na nyuma ya lori kuna begi la pili, na deli la buluu limefungwa kwa utepe.

Njiani Mama Ngapoko alimkinga mtoto na vumbi kwa kofia yake. Mtoto alilala mapajani mwake mwendo wote. Uwanjani watu walikuwa wengi, wanaosindikiza, wanaopokea, wanaotaka tu kuona nani kaja. Mama Ngapoko alisubiri mpaka wamemzunguka vya kutosha, akapandisha sauti kama anatangaza wimbo wa kanisani.

"Tearoa Iti anakwenda na mama yake!"

Mzee mmoja alivua kofia.

"Mama," Akaiti alinong'ona, "sikuomba. Mungu shahidi, sikukuomba."

"Nani kasema umeomba? Nimesema mimi." Alimweka mtoto mikononi mwake, akaikaza pareu chini ya kidevu.

"Nyumba itabaki tupu."

"Nyumba ina mtu. Yuko mbele ya mlango, haendi popote." Alilisukuma deli kwa mguu, maana lilikuwa zito. "Shika na hili. Utarudi kazini, atakunywa nini mchana? Usimpe kopo, lile linamfungisha choo, nilikuwa sikuambii."

Kwenye ndege Akaiti alilisikia deli likigongagonga nyuma kati ya magunia ya magimbi. Ilikuwa ile mifuko yote.

*

Ijumaa iliyofuata alilipeleka deli uwanja wa ndege wa Rarotonga kama kawaida. Mzee wa mizigo alilinyanyua kwa mkono mmoja, akashangaa.

"Jepesi. Leo hakuna samaki?"

"Leo hakuna."

Ndani kulikuwa na mkate wa nazi na biskuti anazozipenda Mama. Chini ya yote, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi mwekundu, kulikuwa na fulana ya Tearoa Iti, aliyoivaa na kuilalia, ina uji begani na maziwa shingoni.

Mama Ngapoko alipiga simu Jumamosi. Alisifu mkate. Alisema mkate una sukari nyingi. Alilalamikia mvua, na mchungaji, na mbuzi wa jirani. Aliuliza kama mtoto ameota jino la tatu, akaambiwa bado. Halafu Akaiti akasikia mfuko wa plastiki ukifunguliwa.

"Fulana umesahau kuifua," Mama Ngapoko akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Chafu kabisa."

"Ndiyo, Mama."

Akaiti alimsikia mama yake akivuta pumzi kwa pua, ndefu, taratibu, kama mtu aliyeziba uso na kitambaa.

"Ya wiki ijayo," sauti ikasema, "nayo usiifue."